Kidogo Kuliko Vyote, Adimu Kuliko Vyote: Rekodi za Aktinidi na Dawa za Mionzi

Elementi ya 101 ilithibitishwa kwa atomu 17. Ilikuwa mwaka 1955, Berkeley, California. Albert Ghiorso na wenzake walikuwa na atomu kama bilioni moja za einsteiniamu, kiasi kidogo mno kupimika kwa mizani yoyote. Waliipaka kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, wakaipiga kwa chembe za alfa zilizotoka kwenye saiklotroni. Atomu chache zilizobadilika zilirushwa na nguvu ya mgongano, zikanasa kwenye karatasi ya pili ya dhahabu iliyowekwa nyuma. Hiyo ya pili ndiyo iliyokimbizwa kwa gari hadi maabara iliyo juu mlimani, ikayeyushwa kwenye asidi, na kimiminika chake kikapitishwa kwenye mrija uliojaa resini, tone baada ya tone. Nusu ya atomu zile zingekuwa zimeshaoza baada ya dakika 77 hivi, kwa hiyo kila hatua ilifanywa mbiombio.

Resini ile huziachia elementi kwa zamu, nzito ikitangulia nyepesi. Ya 101 ilitoka pale hasa ilipotazamiwa, mbele ya fermiamu ambayo ni ya 100. Ghiorso alikuwa ameunganisha kihesabio na kengele ya moto ya jengo, na kila kiini kilipopasuka kengele ililia, hadi watu wa zimamoto walipopata habari na kuizuia. Kabla ya hapo hakuna elementi iliyowahi kutengenezwa na kutambuliwa kwa atomu mojamoja. Waliiita mendeleviamu, kwa heshima ya Mrusi Dmitri Mendeleev, katikati ya Vita Baridi, na wao wakiwa Wamarekani.

Mendeleviamu ni mmoja wa jamaa wa aktinidi: elementi 15, kuanzia aktiniamu namba 89 hadi lawrensiamu namba 103. Zote zina mionzi. Nyingi zinafanana kikemia kiasi cha kuwasumbua hata mabingwa, na hapo ndipo rekodi zake zinapopatikana. Katika fani hii anayeshinda ni yule anayejua kutenganisha, yaani kukitoa kitu kidogo kabisa kutoka kwenye lundo la vitu vinavyofanana nacho, kabla hakijaoza. Wagonjwa wa saratani na wa moyo wanaishi kwa ujuzi huo, na sehemu kubwa ya historia yake ilipita Afrika.

Mwamba tajiri kuliko yote

Rekodi ya mwamba wa urani inashikiliwa na Shinkolobwe, Katanga, kusini mwa Kongo, nchi ambayo Kiswahili ndicho kilichosikika migodini na kambini. Mwamba huo uligunduliwa mwaka 1915 na ukachimbwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Migodi mingi ya urani duniani huchimba mwamba ambao haufikishi hata asilimia 1 ya urani, na bado hupata faida. Shehena bora za Shinkolobwe zilifika asilimia 65 ya oksidi ya urani.

Mwanzoni hakuna aliyeutaka urani wenyewe. Kilichotafutwa kilikuwa radiamu, ambayo huzaliwa polepole ndani ya urani na wakati ule ilikuwa dawa ya saratani na kitu ghali kupita kiasi. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga fedha kumnunulia Marie Curie gramu moja ya radiamu, na bei yake ilikuwa dola 100,000. Mwaka uliofuata kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilianza kusafisha mawe ya Katanga. Bei ya dunia ikaporomoka, na wachimbaji wa Colorado wakafunga kazi. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, sindano za radiamu zilizowekwa kwenye vivimbe vya wagonjwa wa Ulaya zilitokana kwa kiasi kikubwa na mawe yaliyovunjwa na Wakongo.

Kisha vita vikaja. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka tani kama 1,200 za mwamba huo New York mwaka 1940, zikawekwa kwenye ghala la Staten Island. Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa bomu la atomiki alipokwenda kumwomba urani, aliambiwa upo tayari, uko palepale mjini. Sehemu kubwa ya urani wa mradi ule ilitoka Shinkolobwe. Vitabu vya historia vimejaa majina ya wanafizikia, lakini waliobeba mawe yale mabegani, yenye mionzi mikali na bila kinga yoyote, hawana hata orodha ya majina. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu bila wao hesabu za wanafizikia zingebaki kwenye karatasi.

Kongo ina rekodi nyingine isiyotajwa sana: kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Kiliitwa TRICO, kikawashwa Juni 1959 kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, kikiwa na nguvu ya kilowati 50, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kilijengwa kwa ajili ya mafunzo, utafiti na kutengeneza isotopu.

Kinu cha kale kuliko vyote

Hiki hakikujengwa na mtu. Mwaka 1972, mafundi wa kiwanda cha urani cha Pierrelatte, Ufaransa, walipima sampuli ya urani kutoka Oklo, Gabon, wakaona upungufu. Popote duniani, na hata kwenye mawe yaliyotoka mwezini, urani-235 ni asilimia 0.720 ya urani wote. Sampuli ile ilikuwa na asilimia 0.717. Kwa mtu wa kawaida tofauti hiyo si kitu, lakini kwa watu wanaolinda malighafi ya bomu ni kengele ya hatari. Je, kuna aliyeiba?

Hakuna aliyeiba. Kiasi kilichokosekana kilikuwa kimetumika miaka bilioni 2 iliyopita. Enzi hizo urani-235 ilikuwa zaidi ya asilimia 3 ya urani wote, kiwango kinachokaribiana na cha mafuta ya vinu vya leo. Maji yalipopenya kwenye mwamba yalipunguza kasi ya neutroni na mpasuko ukaanza. Joto likayageuza maji kuwa mvuke na mpasuko ukakoma, kisha mwamba ukapoa na maji yakarudi. Watafiti waliosoma gesi ya zenoni iliyonaswa ndani ya mawe walikadiria kwamba kinu kiliwaka nusu saa, kikazima saa mbili na nusu, kikawaka tena, na kikaendelea hivyo kwa maelfu kwa maelfu ya miaka.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba plutoniamu iliyotengenezwa pale ilibaki palepale hadi ikaoza, na ile molibdenamu-99 ambayo hospitali zinaipigania leo ilizaliwa Gabon kabla dunia haijawa na mnyama hata mmoja. Baada ya wiki chache ilikuwa imekwisha.

Kiasi kidogo kilichotiwa kwenye mizani

Tarehe 10 Septemba 1942, kwenye chumba namba 405 cha Maabara ya Jones, Chuo Kikuu cha Chicago, Burris Cunningham na Louis Werner walipima oksidi ya plutoniamu yenye uzito wa mikrogramu 2.77. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Mizani yao ilikuwa ya uzi wa kwazi, na ilibidi ikingwe hata na pumzi ya anayepima. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa elementi iliyotengenezwa na binadamu kupimwa uzito, na vipimo vya namna ile ndivyo vilivyosaidia kubuni kiwanda kizima cha kuitoa plutoniamu kwenye urani.

Kazi hiyo ilihitaji akili kwa sababu plutoniamu ina tabia nyingi. Ndani ya chupa moja ya asidi inaweza kukaa katika hali nne za kikemia kwa pamoja, na kila hali ina rangi yake: ya kwanza buluu ya zambarau, nyingine ya hudhurungi, nyingine ya waridi, nyingine karibu na chungwa. Mkemia akiibadilisha hali, plutoniamu huhama kutoka kwenye asidi na kuingia kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na kemikali maalumu, kisha hurudi kwenye asidi anapoibadilisha tena. Urani na uchafu mwingine huachwa njiani. Hadi leo viwanda vya kusafisha mafuta ya nyuklia yaliyotumika vinafuata njia hiyo.

Kwa upande wa kutangaza, rekodi ya tangazo la ajabu kuliko yote ni ya amerisiamu. Ilikuwa siri ya vita. Tarehe 11 Novemba 1945 Glenn Seaborg alialikwa kwenye kipindi cha redio cha watoto, na mtoto mmoja akamuuliza kama kuna elementi mpya zilizogunduliwa. Seaborg akajibu kwamba zipo, akazitaja ya 95 na ya 96. Wakemia wa Marekani waliambiwa rasmi siku chache baadaye. Leo amerisiamu-241, chini ya mikrogramu moja, imo ndani ya vifaa vingi vya kutambua moshi vinavyofungwa darini.

Mzigo uliovuka Atlantiki mara tano

Kinu cha HFIR cha Oak Ridge, Tennessee, kinachofanya kazi tangu 1965, ni miongoni mwa vinu vyenye msongamano mkubwa kabisa wa neutroni duniani. Mwaka 2009 kilitoa miligramu 22 za berkeliamu-249, baada ya siku 250 za kupigwa neutroni na miezi mitatu ya kusafishwa. Mzigo ulikuwa unakwenda Dubna, Urusi, kutengeneza elementi ya 117. Nusu ya berkeliamu hiyo huoza kwa muda usiofika mwaka, lakini forodha ya Urusi iliirudisha mara mbili kwa sababu ya makaratasi, na ikajikuta imevuka bahari mara tano. Ilipofika na kupigwa kwa kalsiamu miezi kadhaa, ilitoa atomu sita za elementi mpya. Sita!

Mtu aliyebeba amerisiamu nyingi kuliko wote

Agosti 1976, kwenye kituo cha Hanford, jimbo la Washington, fundi Harold McCluskey, mwenye umri wa miaka 64, alikuwa akifanya kazi kwenye sanduku la glavu lenye mrija wa resini uliobeba amerisiamu. Kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi, mrija ule ulikuwa umekaa miezi kadhaa bila kuguswa, na mionzi ilikuwa imeidhoofisha resini. Alipoongeza asidi ya nitriki, mrija ulilipuka. Vioo, asidi na amerisiamu vilimwingia usoni na mapafuni. Hakuna mtu anayejulikana aliyewahi kupata kiasi kikubwa zaidi cha amerisiamu mwilini akaishi.

Na aliishi. Alitengwa ndani ya chumba cha zege na chuma, akasafishwa ngozi kila siku, akapigwa mamia ya sindano za DTPA, molekuli inayoizunguka atomu ya amerisiamu kwenye damu, kuifunga na kuitoa kupitia mkojo. Alifariki mwaka 1987 kwa ugonjwa wa moyo, ambao haukuhusishwa na ajali ile. Waliomwogopa walikuwa wengi hata baada ya kutoka hospitali, na marafiki wengine walikataa kufika kwake.

Kemia iliyomwokoa McCluskey imekuwa msingi wa kemia ya dawa za mionzi za leo. Mara nyingi atomu ya metali yenye mionzi haipelekwi mwilini ikiwa huru, kwa sababu ingekwenda kukaa kwenye mifupa au ini. Hufungwa kwanza ndani ya molekuli ya jamii ya DTPA, na molekuli hiyo huunganishwa na nyingine inayoitambua saratani. Kwa McCluskey kifungo kilikuwa cha kutoa. Kwa mgonjwa wa saratani ni cha kupeleka.

Inayofanya kazi nyingi kuliko zote

Teknisiamu-99m si aktinidi, lakini karibu yote huanzia kwenye aktinidi: huzaliwa na molibdenamu-99, ambayo hutolewa kwenye bamba za urani zilizopasuliwa ndani ya kinu. Takriban asilimia 80 ya vipimo vya tiba ya nyuklia duniani vinaitegemea, mamilioni kwa mamilioni kila mwaka: mifupa, moyo, figo, tezi ya shingo. Siri yake ni muda. Nusu yake huoza kwa saa 6, muda unaotosha kupiga picha, na mgonjwa harudi nyumbani na mionzi ya kukaa naye wiki nzima.

Lakini kitu cha saa 6 hakisafirishiki kutoka bara hadi bara. Jawabu lilipatikana Maabara ya Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Walter Tucker na Margaret Greene walipotengeneza kifaa kinachobeba mzazi badala ya mtoto. Molibdenamu, ambayo nusu yake huoza kwa saa 66, hushikizwa kwenye unga wa alumina ndani ya mrija mdogo uliozungukwa na risasi. Ikiwa kwenye umbo lake la chumvi, molibdenamu ina chaji mbili hasi, na alumina huing'ang'ania. Inapooza na kuwa teknisiamu hubaki na chaji moja tu, na mshiko hulegea. Mtaalamu anapitisha maji ya chumvi, yaleyale ya dripu, na teknisiamu inatoka nayo ikiwa safi, molibdenamu ikibaki. Kesho yake asubuhi kuna nyingine. Wahudumu wa hospitali wanaita kazi hiyo kukamua, na kwa kweli ni kama ng'ombe: ukimkamua leo, mpe muda, atatoa tena, ila kila siku kidogo kuliko jana.

Ndiyo maana ucheleweshaji wa ndege ni adui. Molibdenamu hupoteza karibu asilimia 1 kila saa, hivyo kifaa kilicholala uwanja wa ndege siku nzima kikisubiri kibali kimepoteza kama asilimia 22 ya nguvu yake kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa. Kwa hospitali za Dar es Salaam au Nairobi, zinazopokea vifaa hivi kwa ndege, afisa wa forodha anayejua jambo hili ni sehemu ya tiba.

Dunia nzima inategemea vinu vichache, vingi vikiwa vizee: BR2 cha Ubelgiji, HFR cha Petten nchini Uholanzi kilichowashwa 1961, na Safari-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, cha mwaka 1965, pamoja na vya Poland, Cheki na Australia. Mei 2009 kinu cha NRU cha Chalk River, Kanada, kilipozimwa kwa sababu ya uvujaji, hakikurudi kazini hadi Agosti 2010, na hospitali nyingi ziliahirisha vipimo. Katika kipindi hichohicho Pelindaba ilijipatia rekodi yake: ya kwanza kuzalisha molibdenamu kwa wingi wa kibiashara kwa kutumia urani usioweza kutengeneza bomu. Wazalishaji wakubwa wa Ulaya walifuata baadaye.

Inayoisha haraka kuliko zote

Kriptoni-81m. Mgonjwa huivuta kama hewa ili mapafu yapigwe picha, na nusu yake huoza kwa sekunde 13. Upande wa pili iko thoriamu-232, ambayo nusu yake huhitaji miaka bilioni 14, zaidi kidogo ya umri wa ulimwengu.

Dawa adimu kuliko zote

Kwangu mimi hii ndiyo rekodi ya rekodi. Aktiniamu-225 huoza nusu kwa siku 9.9 na, katika mnyororo wake hadi inapofika bismathi, hutoa chembe nne za alfa. Chembe ya alfa ni nzito na haifiki mbali. Ndani ya mwili husafiri upana wa seli chache tu, ikikata DNA vipande visivyoungika tena kwa urahisi. Atomu moja iliyobandikwa kwenye seli ya saratani hupiga mara nne.

Tatizo ni kuipata. Kwa miaka mingi karibu aktiniamu-225 yote ilitoka kwenye thoriamu-229, na thoriamu hiyo ilitokana na urani-233 uliotengenezwa wakati wa Vita Baridi, ukabaki maghalani kama mzigo wa kutupwa. Vituo vitatu, Oak Ridge, Karlsruhe nchini Ujerumani na Obninsk nchini Urusi, vilikamua akiba hiyo kila baada ya wiki kadhaa. Mavuno ya dunia nzima kwa mwaka yalikadiriwa kuwa gigabekereli 63, kwa kipimo cha nguvu ya mionzi. Ukiyabadilisha mavuno hayo kuwa uzito, ni kama mikrogramu 30. Punje moja ya chumvi ya mezani ni nzito kuliko hiyo.

Dozi moja ya mgonjwa ni megabekereli 8 hivi, chini ya nanogramu 4. Kwa hesabu hiyo mavuno ya mwaka yangetoshea dozi zisizofika 8,000, bila kutoa ile inayoozea njiani. Njia ya kuongeza kiasi ipo: kuipiga thoriamu ya kawaida kwa protoni zenye nguvu kubwa, kama wanavyofanya Brookhaven na Los Alamos. Lakini njia hiyo huleta na aktiniamu-227, ambayo nusu yake huoza kwa miaka karibu 22. Hakuna kemia inayoweza kuitenganisha, kwa sababu ni aktiniamu vilevile, na hospitali hulazimika kuishughulikia kwenye taka zake. Njia nyingine ni kuipiga radiamu-226 kwenye saiklotroni. Hiyo hutoa aktiniamu safi, ila radiamu yenyewe ni haba na gesi yake ya radoni ni hatari kwa wanaoishughulikia.

Mwaka 2016 madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha picha za wagonjwa wawili waliowatibu kwa aktiniamu-225, wa saratani ya tezi dume iliyosambaa mwilini na kushinda dawa nyingine. Picha za kwanza zimejaa madoa meusi, na za baada ya tiba hazina doa la saratani linaloonekana. Afrika haikusubiri. Profesa Mike Sathekge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pretoria waliwatibu wagonjwa 17 ambao walikuwa hawajawahi kupewa kemotherapi, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Kwa wagonjwa 14, kipimo cha PSA, alama ya saratani hiyo kwenye damu, kilishuka kwa asilimia 90 au zaidi, na kwa 7 kati yao hakikuonekana tena kabisa.

Wote 17 walikaukwa na kinywa, kwa sababu tezi za mate nazo huivuta dawa hiyo. Pretoria walianza na megabekereli 8, na saratani ilipopungua walishusha dozi za baadaye hadi 6 au hata 4 ili kuzinusuru tezi hizo. Kwa dozi ya 4, kilichoingia mwilini mwa mgonjwa kilikuwa chini ya nanogramu 2 za aktiniamu.